Saa Sita za Rehema

Siku niliyokabidhi funguo za chumba cha mitambo, mmoja wenu aliniuliza swali ambalo nilikuwa nikilingoja kwa miaka. Alikuwa amefungua mafaili ya ile programu ya kulinganisha saa, akakuta ujumbe mmoja umeandikwa kwa Kiswahili katikati ya lugha nyingine za watu. Akauliza, "Mama, hii imeandikwa na nani?" Nilicheka nikamwambia nitajibu kwa maandishi, maana jibu lake ni refu na chai ya kuniaga ilikuwa inapoa. Basi hili ndilo jibu. Msitafute humu habari za vyeo wala mishahara. Vyeo vyangu vilikuja kwa kuchelewa, na mshahara kila mtu anajua ulivyokuwa.

Nilizaliwa Mawengi, nikasoma, nikajifunza ufundi wa redio kwa wamisionari, na nikaajiriwa Makambako na mfanyabiashara mmoja wa usafirishaji tuliyemwita Alhaji. Ilikuwa miaka ile ushirika unakufa na kila mwenye lori anaitwa mwekezaji. Alhaji alikuwa mtu wa Tanga, mcheshi, mwepesi wa kukasirika na mwepesi wa kusahau. Alikuwa na malori tisa, stoo kubwa Makambako na ghala Njombe, na tulipeleka mabati, saruji na mbolea hadi Ludewa, kule barabara inakoamua yenyewe kama leo utafika au hutafika.

Siku yangu ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Mtewele, karani mkuu. Alikuwa Mbena wa Njombe, Mlutheri wa kiti cha mbele, aliyefanya kazi ushirika hadi ushirika ukamfia mikononi. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia marahaba, halafu badala ya kunionyesha simu ya upepo niliyoajiriwa kuitunza, akanionyesha saa ya ukutani. Akasema hiyo ndiyo bosi wa kweli wa hapa, Alhaji ni wa pili.

Nilidhani ananitania. Baada ya wiki moja nikajua hatanii. Dereva aliyeko njiani aliwasha redio yake dakika tano tu ili asimalize betri: saa tatu kamili, saa saba kamili na saa kumi na moja kamili. Saa yako ikichelewa dakika sita, unaita porini hakuna anayeitika, na lori lililovunjika springi huko juu ya Mlangali linalala hapo siku mbili. Kwa hiyo kila asubuhi Mzee Mtewele alisimama mbele ya redio ya kawaida, mkono kwenye kisukumio cha saa yake ya mfukoni, akingoja ile pi-pi-pi ya kabla ya taarifa ya habari. Ikilia ya mwisho, anasukuma. Kisha anakwenda kurekebisha ya ukutani. Hakuna aliyeruhusiwa kumsemesha katika dakika hiyo, hata Alhaji. Nilimwiga kila kitu isipokuwa koti lake la sufu, ambalo alilivaa hata mwezi wa kumi na moja.

Miaka ilikwenda hivyo. Kisha Alhaji akaenda Dar es Salaam akarudi na kompyuta mbili zilizotumika, moja ya Makambako na moja ya Njombe, akaniambia, "Wewe si fundi wa redio? Hii nayo ni redio yenye kioo." Nilikaa nayo miezi mitatu kabla haijaanza kunitii. Programu za kununua zilikuwa ghali, na za kuiba zilikuja na maradhi. Ndipo mmisionari mmoja wa zamani akanipa diski zenye programu huria, zile ambazo watu huziandika kwa kujitolea na kuziacha wazi ili yeyote azichukue, azisome, azitengeneze. Sikuamini. Nilitafuta mahali pa kulipia nikakosa. Niliandika programu ya stoo mwenyewe, kwa kujikwaa. Kila jioni mashine ya Makambako ilipiga simu Njombe na kupeleka orodha ya mizigo iliyotoka siku hiyo.

Kasoro ya kompyuta ilikuwa ileile ya watu: saa zao hazikuafikiana. Ya Njombe ilikuwa mbaya zaidi mwezi wa saba, baridi ikiuma, maana kijiwe kinachoendesha saa ndani ya mashine nacho husikia baridi. Nikapata kwenye zile diski programu ya kulinganisha saa. Kazi yake ni rahisi kueleza. Ni kama ukiwa sokoni huna saa, ukauliza watu wanne. Watatu wakisema saa tano kasorobo na mmoja akisema saa tisa, huyo wa nne unamwacha na mambo yake. Programu inauliza mashine kadhaa za mbali, inapima swali limetumia muda gani njiani, inampuuza mwongo, kisha inasogeza saa ya kwako polepole bila kuishtua. Tulikuwa tunapiga simu Dar es Salaam kila asubuhi kuchukua barua pepe, na katika dakika hizo chache saa ilijirekebisha.

Nilishangaa jinsi kitu kizuri namna hiyo kilivyotunzwa na watu wasiozidi ishirini, kila mmoja nchini kwake, baada ya kazi zake, bila senti. Walizungumza kwa orodha ya barua pepe. Nikajiunga, nikakaa kimya mwaka mzima, kisha nikawatumia vipimo vyangu vya saa ya Njombe wakati wa baridi na wakati wa joto, nilivyoviandika kwenye daftari la shule. Walinishukuru sana, nikatembea Makambako siku hiyo kama niliyemaliza chuo kikuu. Mtunzaji mkuu wao alikuwa mzee wa nchi za baridi, aliyeanza kuiandika programu hiyo nami niko shule ya msingi. Barua zake zilikuwa fupi na kali. Nilimpenda mara moja, kwa sababu nilimjua: alikuwa Mzee Mtewele mwenye kompyuta.

Mzee Mtewele mwenyewe hakuipenda programu. Alisema saa haiwezi kuulizia uchochoroni, saa inachukuliwa redioni na mtu mzima. Nilipomwonyesha kwamba mashine na saa yake ya mfukoni zinatofautiana sekunde mbili, aliniuliza ni nani amekosea. Nilikuwa na akili, nikasema sijui.

Sasa niwajulishe Rehema. Alikuja kutoka Tunduru na binamu yake aliyekuwa dereva wetu, akaanza kwa kufagia stoo, na baada ya miaka minne alikuwa akiandika hati za kutoa mizigo kwa kompyuta haraka kuliko yeyote. Alikuwa na watoto wawili na hakuwa na mume, na aliishi chumba cha uani, ndani ya uzio wa kampuni. Alifanya zamu ya asubuhi, saa moja hadi saa saba mchana. Mchana alipokea mwenzake. Hakuwahi kuchelewa hata siku moja, na kwangu mimi niliyelelewa kazini na Mzee Mtewele, hiyo ni sifa kubwa kuliko uzuri.

Mama yangu alivunjika mguu, nikaenda Mawengi kumuuguza wiki tatu. Kabla ya kuondoka nilibandika karatasi kando ya mashine, maana betri ndogo ya ndani ilikuwa inakaribia kufa na saa ingeweza kupotea. Niliandika hatua kwa hatua nini cha kufanya. Hatua ya nne ilisema: *Andika saa ya sasa hivi.* Ikumbukeni vizuri hatua hiyo ya nne, kwa sababu niliiandika mimi, kwa mkono wangu, na nikajiona fundi.

Niliporudi, Rehema alikuwa amesimamishwa kazi.

Alhaji alikuwa amekodi mkaguzi kutoka Dar es Salaam, kijana wa tai na kalamu mbili mfukoni. Mkaguzi alikuta mambo mawili. La kwanza, bando kumi na nane za mabati zilitoka Makambako na hazikuonekana kwenye daftari la Njombe. La pili, hati za mabati hayo zilichapwa usiku wa manane. Mashine ilisema wazi: 02:10, 03:25, 04:40. Zote zilikuwa na namba ya Rehema, mtu anayelala hatua thelathini kutoka stoo. Mkaguzi akajumlisha, na hesabu yake ikaleta mwizi.

Rehema alikuja Mjimwema, Njombe, kwa dada yangu nilikofikia, akaketi jikoni bila kuvua kanga ya kichwani. Hakulia. Alisema Alhaji amempa hadi Jumatatu aseme mabati yako wapi, la sivyo atampeleka polisi. Kisha akasema jambo lililoniuma kuliko polisi. Alisema, "Dada, Makambako ni stendi tu yenye nyumba pembeni. Nikishaitwa mwizi hapa, kuanzia Songea mpaka Iringa hakuna stoo itakayonifungulia mlango."

Nilimuuliza kama aliwahi kufanya kazi usiku. Akasema usiku yeye hulala na watoto wake, na kwamba hati hizo alizichapa asubuhi kweupe, wateja wamesimama mbele yake. Nikamuuliza mbona hakushangaa kuona imechapwa saa hizo. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga. Akasema, "Kwani imekosea nini? Ilisema saa mbili na dakika kumi. Na ilikuwa saa mbili na dakika kumi."

Nakiri sikuelewa hapohapo. Nilielewa kesho yake, Jumamosi, Makambako, nilipofungua kumbukumbu za programu ya saa. Chini kabisa, kwenye faili ambalo hakuna binadamu hulisoma, programu ilikuwa imeandika kwamba tofauti kati ya saa ya mashine hii na za wenzake ni sekunde 21,604. Na kwa kuwa tofauti ilikuwa kubwa mno, ilikuwa imejizima. Haikupiga kelele, haikuweka chochote kwenye kioo. Ilikuwa imenyamaza hivyo kila asubuhi kwa wiki tatu.

Nikachukua kalamu nikagawa kwa elfu tatu na mia sita. Nikapata sita, na sekunde nne za ziada. Nilicheka peke yangu katika chumba kile hadi mlinzi akachungulia. Saa sita kamili! Hiyo haikuwa betri wala virusi, na wala mwizi. Ilikuwa ni tofauti kati ya mashine na mama yangu, kati ya maandishi ya kigeni na kinywa cha kila mtu kuanzia hapa hadi pwani. Mtu alikuwa ameangalia saa ya ukutani, mshale mfupi uko kwenye nane, akasema kama tusemavyo sote, "Saa mbili," kisha akafuata hatua yangu ya nne. Akaandika saa ya sasa hivi. Akaandika mbili.

Na hakuna aliyegundua kwa sababu hati zilianza kusomeka sawasawa kuliko zamani. Mlinzi aliniambia wateja walifurahi, wakisema kompyuta hatimaye imejifunza Kiswahili. Hata mchana wote ulikaa vizuri: saa saba na nusu iliandikwa 07:30, na mkaguzi akadhani ni asubuhi na hakuona neno. Ni zamu ya Rehema peke yake iliyoangukia usiku.

Mabati nayo nikayajua yalipo, maana programu ya stoo ni mwanangu na tabia zake nazifahamu. Mashine ya Njombe ilifungua daftari la siku saa 07:00. Hati yoyote iliyopigwa muhuri kabla ya hapo iliiona ni ya jana, na jana imeshafungwa, ikaiweka kando kimya kimya. Tena kimya. Nilianza kuichukia tabia hiyo ya mashine, ya kujua jambo na kunyamaza.

Ilibaki kujua ni mkono wa nani, na hapo kicheko kilikwisha, kwa sababu ofisi nzima alikuwepo mtu mmoja tu ambaye angethubutu kugusa saa. Nilizunguka uwanja wa malori mara mbili nikifikiria namna ya kumtetea Rehema bila kumtaja. Sikuipata. Niliamua nitasema jambo, sitasema mtu. Saa ya mashine sikuigusa, niliiacha na kosa lake.

Jumatatu tulikutana ofisini kwa Alhaji: yeye, mkaguzi, Rehema karibu na mlango, Mzee Mtewele kwenye kiti chake cha karani, na mimi. Alhaji alisema tuanze. Nikaomba ruhusa nimuulize mkaguzi swali dogo, saa ngapi sasa? Akatazama mkono wake akasema saa nne na nusu. Nikamwomba aniandikie kwenye karatasi. Akatoa moja ya kalamu zake mbili, akaandika, akanipa. Nikamkabidhi Alhaji karatasi. Iliandikwa 4.30.

Kisha nikageuza kioo cha kompyuta wote wakione. Kilisema 04:30.

Nikasema, "Alhaji, kwa mujibu wa mashine hii sasa hivi ni usiku. Mimi, wewe, Mzee na ndugu mkaguzi tumo ofisini usiku wa manane pamoja na Rehema. Kama yeye ni mwizi, sote tumeshikwa."

Alhaji alitazama karatasi, akatazama kioo, akatazama dirishani ambako jua lilikuwa linawaka juu ya mapipa ya dizeli. Mkaguzi alichukua karatasi yake akaisoma tena, na kwa heshima yake niseme kwamba alikuwa mwerevu. Alishika kichwa akasema, "Nimeandika mwenyewe." Nikawaeleza la Njombe. Alhaji akapiga simu ghalani, akaamuru mabati yahesabiwe, si daftari. Tulingoja nusu saa, na hakuna aliyeagiza chai. Simu ilipolia, mtu wa Njombe alikuwa na mashaka makubwa. Alisema kuna kosa, maana mabati yamezidi. Yamezidi bando kumi na nane.

Rehema aliketi chini, palepale mlangoni, sakafuni. Alhaji aliinuka kwenye kiti chake, akaenda, akachuchumaa mbele yake na kumwomba radhi kwa kinywa chake mwenyewe, na mimi ambaye nimemwona Alhaji katika hasira nyingi sikuwahi kumwona hivyo.

Ndipo Alhaji akauliza ni nani aliyeibadili saa. Nikafungua mdomo kusema ni karatasi yangu. Mzee Mtewele alikuwa amekwishasimama. Alikuwa amevua kofia.

"Mkono ni wangu," alisema. "Mteja wa Lupingu alilalamika kwamba nimempa mzigo saa mbili nikamwandikia saa nane. Nikaona mashine inasema uongo, nikairekebisha. Nilitazama saa yangu kwanza." Akamgeukia Rehema, akamwamkia kwa Kibena. "Kamwene, mwanangu. Ningejua, nisingekuacha ulale na jina lile hata siku moja."

Rehema aliinuka akamshika mkono wa kulia kwa mikono yote miwili, kama tunavyowashika wazazi. Nikatoa mfukoni karatasi yangu, niliyokuwa nimeibandua pale kwenye mashine, nikamwonyesha Alhaji hatua ya nne. Alisoma mara mbili, kisha akacheka hadi kofia yake ikaanguka. Alisema fundi ameandika ukweli, karani ameandika ukweli, mkaguzi ameandika ukweli, na mtu alikuwa anakwenda jela.

Wengi mnajua hadithi hadi hapo, imesimuliwa kantini. Sehemu msiyoijua ndiyo ngumu zaidi.

Niliwaandikia wale wa kujitolea. Niliwaambia programu yenu ilijua tofauti ni saa sita kamili, na ikajizima kimya. Nikaomba mambo mawili: ikikataa, iseme kwenye kioo, na tofauti ikiwa ni saa sita, iulize kama mtu ameandika saa kwa hesabu ya kwetu. Nilidhani watanishukuru kama kwa vipimo vya baridi.

Mmoja alisema ni kichekesho kizuri. Mwingine alisema programu imefanya kazi miaka yote hiyo bila kelele, kwa nini ipige kelele sasa. Mtunzaji mkuu aliandika mistari miwili: programu hii si shule ya kufundishia watu kusoma saa, na asiyejua saa asishike mashine. Niliisoma barua hiyo nikachemka. Kuna watu milioni kadhaa wanaojua saa vizuri sana, tangu jua lichomoze, na alikuwa anawaambia hawajui. Niliandika jibu la kurasa tatu, la moto, na kabla sijalituma nilimsomea Mzee Mtewele nikimtafsiria.

Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Huyo mzee umemwambia amekosea mara ngapi?" Nikahesabu. Mara saba. Akasema yeye mwenyewe, kama ningemtaja mbele ya watu badala ya kuuliza tu saa ngapi, pengine asingesimama siku ile. "Mtu mzima usimwambie amekosea. Muulize, atajiona."

Nikafuta kurasa tatu, nikauliza swali moja kwa orodha nzima: je, kuna mwingine ambaye kwake siku huanza alfajiri? Wiki nzima kimya. Kisha ikaja barua kutoka Addis Ababa, kwa mwalimu wa chuo aliyekuwa kwenye orodha miaka mingi bila kusema neno. Alisema Ethiopia nzima huhesabu kama sisi: jua likichomoza ni saa kumi na mbili, na saa moja baadaye ni saa moja. Alisema kwenye chuo chao mashine hupotea saa sita kila muhula, na walikuwa wanaona aibu kusema. Nilipiga meza kwa kofi hadi chai ikamwagika. Tulikuwa wawili.

Baada ya siku nyingi mtunzaji mkuu akaandika: leta kazi tuione. Huo ndio mlango wa watu hao, hawakukaribishi kwa maneno. Nilijifunza lugha yao ya kuandikia programu kutoka kwenye programu yenyewe, mchana wa Jumapili baada ya ibada. Nilipeleka mistari arobaini. Ikarudi: mirefu mno. Nikapeleka tena. Ikarudi: nafasi za pembeni hazikupangwa. Mara ya tatu ikarudi na swali moja, na lilikuwa swali zuri: mtu asiyejua lugha yetu ataelewaje onyo hili? Alitaka kila ujumbe uwe kwa lugha ya mwenye mashine. Kwa hiyo nikaambiwa, andika wa kwenu.

Niliandika: *Umekosea kuandika saa.* Nikampelekea Mzee Mtewele, wakati huo amestaafu na yuko nyumbani kwake na koti lake. Alinitazama tu. Nikafuta, nikaandika tena palepale gotini.

Ilikubaliwa majira ya mvua. Mtunzaji mkuu aliweka majina yetu kwenye orodha ya waliochangia, la mwalimu wa Addis Ababa na langu, na mbele ya langu akaandika Makambako. Chini yake akaongeza kwamba ametunza saa za watu maisha yake yote na hakuwahi kuuliza siku yao huanza lini. Niliichapa barua hiyo, nikaipeleka kwa Mzee Mtewele, naye akaisoma akaikunja akaitia mfuko uleule wa saa. Kuanzia hapo, popote duniani programu ile inapowekwa, jina la mji wetu linaingia nayo. Mtu akikuambieni Makambako ni stendi tu, mwonyesheni.

Miaka mingi ilipita bila kusikia ujumbe ule umemtokea mtu, nikaanza kudhani nimepigania kitu cha kabatini. Rehema alikuwa amekwishakuwa meneja wa ghala la Njombe, na wanawe wamesoma. Asubuhi moja ya baridi alinipigia simu. Umeme ulikuwa umekatika siku mbili, betri ya ndani imekufa, na karani wake mpya ameiwasha mashine na kuandika saa. Alisema yuko mbele ya kioo, na kuna maneno.

Nilimwambia anisomee, ingawa niliyajua kwa moyo. Alisoma polepole:

"Saa yako imepishana na wenzako kwa saa sita. Je, umeandika saa ya Kiswahili?"

Nilisikia ghala zima nyuma yake, watu wanapakia.

"Dada," alisema, "safari hii imeuliza kwanza."